Barabara Ipitayo Juu ya Karakoram

Karibu na mji wa Gilgit, kaskazini ya Pakistan, pana makaburi ya Wachina ambao hawakufa vitani. Walikuja kuchonga njia ya motokaa katika milima ya Karakoram, hata iungane na nchi yao. Kazi hiyo ilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1970, na baruti, mawe na maporomoko yalikuwa yameua Wapakistani wapatao 800 na Wachina wapatao 200.

Hiyo ndiyo njia aishikayo msafiri aendaye Kashgar. Kutoka Gilgit yafuata Mto Hunza. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni genge, na chini kabisa maji ya kijivu yanavuma. Mlima Rakaposhi, wenye kimo cha futi 25,551, huonekana kutoka kando ya barabara. Vijijini watu huanika matunda ya aprikoti juu ya mapaa, yakang'aa kwa rangi ya machungwa.

Kisha msafiri hufika Attabad. Tarehe 4 Januari 2010 ubavu wa mlima uliporomoka, ukaua watu wapatao 20 na kuuziba mto. Maji yalipanda mwezi baada ya mwezi, yakameza nyumba, mashamba na maili nyingi za barabara ile iliyonunuliwa kwa roho za watu. Kwa miaka mitano wenyeji wa Gojal walivuka ziwa kwa mashua za mbao. Wagonjwa walipita humo, na magunia ya viazi, ambavyo ndivyo fedha ya mkulima wa huko. Hata motokaa zilipakiwa, zikisimama juu ya mbao zilizokingamishwa. Mwezi wa Septemba 2015 yalifunguliwa mahandaki matano yapitayo ndani ya mlima. Siku hizi wageni huja kustarehe katika ziwa hilo, kwani maji yake ni ya buluu ya ajabu. Mwenye shamba lililo chini yake bila shaka hulitazama kwa jicho jingine.

Forodha ya Pakistan iko Sost. Kutoka hapo gari lapanda kwa kujikokota hata pito la Khunjerab, penye mpaka, yapata futi 15,400. Kilele cha Mlima Elgon hakifiki huko. Hewa ni nyepesi. Kichwa chauma, na mtu mwenye nguvu zake hutembea hatua chache akatweta kama mzee.

Katika Pakistan motokaa hushika mkono wa kushoto, kama Kenya. Katika China hushika wa kulia. Basi hapo juu, katikati ya theluji, dereva huvuka upande wa pili wa njia. Abiria nao husogeza saa zao mbele: saa sita ya mchana yawa saa tisa, na Tashkurgan bado iko mbali, chini bondeni.