Siku Injini Ilipokosa Pumzi Njiani Kwenda Pate

Je, msomaji, umewahi kuwa baharini katika mashua ndogo, injini ikazima ghafla, ukabaki kusikia maji tu yakipiga ubavuni? Kama bado, keti nikusimulie. Huenda wewe na jamaa zako mkazuru Lamu likizo ijayo, na singependa yaliyonipata mimi yawapate ninyi.

Ukifika mji wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, usiridhike na kuzunguka vichochoroni na kupisha punda. Visiwa vya jirani navyo vina mengi. Mimi nilitamani kuiona ngome ya Siyu, katika kisiwa cha Pate. Huko hakuna daraja. Njia ni maji. Tena vyombo huondoka kwa kufuata maji, si saa ya mkononi, kwa sababu njia ya mkato hupitia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, chombo huweza kukwama topeni katikati ya mikoko.

Tulikuwa abiria wanane, pamoja na mama mmoja aliyembeba mtoto mchanga. Nahodha alikuwa mzee wa makamo, na baharia wake kijana aliketi omo. Mimi nilipata nafasi tezini, karibu na tangi jekundu la petroli. Harufu yake ikaanza kunichafua roho. Nilipotazama vyema niliona skurubu ndogo juu ya kifuniko cha tangi, imelegea. Nikaikaza kwa vidole viwili, harufu ikapungua. Nikajiona fundi!

Hatukwenda mbali. Ndani ya Mkanda, injini ilianza kukohoa. Ikapandisha sauti, ikaishusha, kisha ikanyamaza. Mkondo ukaanza kutusukuma kwenye mikoko, na maji yalikuwa tayari yanapwa. Yule mama alimkumbatia mwanawe bila kusema neno.

"Tia nanga!" nahodha akaamuru. Nanga iliposhika, ndipo alipoigeukia injini. Hakuvuta kamba ya kuwashia ovyo ovyo kama wafanyavyo wengi hadi mkono ukafa ganzi. Alituambia kwamba injini yenye hitilafu ya umeme aghalabu huzima mara moja, lakini inayokohoa kwanza huwa inalilia mafuta.

Katikati ya mpira unaotoa mafuta katika tangi pana kibofu kinachominywa kwa mkono. Hicho, msomaji, ndicho mpigo wa moyo wa mgonjwa. Ukikiminya kikawa kigumu na injini bado haiwaki, mafuta yamefika hapo; tafuta kizuizi mbele, kwenye chujio au kabureta. Kikibaki laini kila ukiminya, huenda tangi ni tupu, au mpira unavuta hewa mahali ulipochomekwa. Lakini kikiwa kimenywea, kimebonyea bapa, basi injini inavuta na tangi linakataa kutoa.

Chetu kilikuwa kimebonyea bapa.

Mzee aliufuata mpira kwa mkono, polepole, akitafuta kama umejikunja au umekaliwa na mzigo. Hapana. Akafika kwenye kifuniko, akaigusa ile skurubu, akailegeza. Fyuuu! Hewa ikaingia, na kibofu kikafura tena mbele ya macho yetu. Akakiminya mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba. Mara ya tatu injini ikanguruma.

Kisha akamgeukia yule kijana. "Mara ngapi nimekwambia tundu la hewa lisifungwe safarini?"

Kijana akainamisha kichwa. Msomaji, hapo ndipo nilipopata mtihani. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini kijana wa watu angebeba lawama yangu, pengine na kibarua chake kikaota nyasi.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Harufu ilinishinda."

Mzee hakunikaripia. "Mwanangu, tangi nalo hupumua," akasema. "Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake." Nikakumbuka mkebe wa maziwa nyumbani: ukitoboa tundu moja tu, maziwa hutoka kwa shida, toboa la pili uone yanavyotiririka. Nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wote.

Muda tuliopoteza tuliulipia. Maji yalikuwa haba, ikabidi kijana ashike upondo na wanaume washuke kusukuma, mimi nikiwa wa kwanza kuzama topeni hadi magotini. Tulifika Mtangawanda jua likielekea kuzama, na ngome ile ya karne ya 19 niliiona kesho yake.

Basi, ukienda safari kama hiyo, uliza kabla ya kupanda: Je, majaketi ya kujiokolea yanatosha watu wote, na watoto pia? Nanga ipo? Makasia au upondo? Mafuta ya akiba yamechujwa? Maji yakiingia katika petroli huzama chini, nayo injini huvuta kutoka huko huko chini. Ndiyo maana nahodha mwangalifu huyatia kidogo kwenye chupa nyeupe ayatazame. Angalia pia usiweke mkoba wako juu ya mpira wa mafuta, na usivute sigara karibu na tangi.

Zaidi ya yote, usiguse usichokijua. Harufu ikikuzidi, mwambie nahodha akuhamishe omo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, nami nimeongeza langu: mdharau skurubu husukuma mashua.