Usiniambie Iko Wapi

Mzee aliyenifundisha kukata vinyama tulimzika mwezi uliopita. Pale msibani kijana mmoja wa maabara akaniambia, kwa heshima zote, kwamba kazi yetu imekwisha, siku hizi mashine inafanya kila kitu. Nilinyamaza kwa sababu ya mahali. Sasa nasema.

Nilizaliwa Tabora, baba akiwa na bucha. Kabla sijajua kusoma nilishajua ini la ng'ombe mgonjwa linavyofanana, na kisu butu kinavyochana nyama badala ya kuikata. Shule nilipita kwa wastani. Nikasomea ufundi wa maabara, na mwaka 1981 nikaajiriwa hospitali moja kubwa ya rufaa, chumba cha nyuma kabisa, jirani na mochwari. Wenzangu waliopangiwa damu na mkojo walinicheka. Kwetu mgonjwa hafiki. Hufika kipande chake, ndani ya chupa.

Wiki ya kwanza Mzee alinikuta nimeinamia hadubini, akaniuliza naona nini. Nikajibu haraka, "Kansa ya mfupa, Mzee. Fomu inasema paja."

"Usiniambie iko wapi. Niambie imetoka kwa nani."

Akanisogeza, akatengeneza mwanga, akanionyesha vijitezi vya titi vimejipanga katikati ya mfupa. Mama yule alikuwa na kansa ya titi iliyosafiri mpaka pajani, na dawa zake ni za titi, si za mfupa. "Wewe Mnyamwezi," akasema, maana yeye alikuwa mtani wangu wa Tanga, "ukihamia kwetu utaamka Mdigo?"

Tangu siku hiyo nilizijua kansa kwa koo zao. Ukoo mkubwa kuliko zote ni kasinoma, wa seli zinazotandika ngozi, mirija na tezi: titi, tezi dume, mlango wa kizazi, koo la chakula, utumbo. Kati ya kansa 10 za watu wazima, 8 au zaidi ni za ukoo huu. Sakoma ni za mifupa, misuli, mafuta na mishipa, nazo ni chache, ila miaka ya ukimwi kabla ya dawa sakoma ya Kaposi ilijaza meza yetu kwa madoa ya zambarau. Limfoma huanzia kwenye matezi ya limfu na seli za kinga. Lukemia huanzia kwenye uboho, ikamwagika katika damu. Watu huniuliza uvimbe wake uko wapi. Kwa kawaida haina uvimbe wa kukatwa, ndiyo maana mpasuaji hana kazi hapo. Na melanoma ni ya seli zinazotupa rangi. Kwa sisi weusi hupenda kujificha kwenye unyayo na chini ya kucha, mtu akidhani amejikwaa. Bob Marley iliyomuua mwaka 1981 ilianzia kidoleni mwa mguu.

Kutojua ukoo kuliwahi kutuletea ugomvi. Mwaka 1993 ilikuja chupa kutoka hospitali moja ya kanda ya ziwa, ambayo sitaitaja. Mtoto wa miaka 6, taya limevimba, meno yanacheza, mawili yameshang'olewa. Kinyama kilikuwa kinaelea kwenye spiriti ya vidonda, kimekakamaa. Fomu ilikuwa na neno moja: kansa, na alama ya kuuliza. Nilipokikata kikapukutika kama mkate wa juzi. Mzee akakataa kukitolea majibu, akaomba kingine, kwenye fomalini, maji ya kuhifadhia vinyama.

Daktari wa upasuaji akapiga simu kwa hasira. Kansa ni kansa, akasema, nyie mnachelewesha, mimi natoa taya. Mzee akamjibu taratibu kwamba kama ni sakoma, kisu ni chake. Kama ni limfoma, kisu ni kumtesa mtoto bure, kwa sababu sindano ndiyo inayoiyeyusha. Walibishana hadi simu ikakatika.

Kinyama cha pili kilifika baada ya siku 19. Nilikikata mimi, Mzee kasimama nyuma yangu, nikakipaka rangi za hematoksilini na eosini. Ilikuwa wazi hata kwangu: seli za buluu zimebanana kama anga la usiku, na katikati yake seli kubwa nyeupe nyeupe zinazokula maiti za wenzao, kama nyota. Limfoma ya Burkitt. Seli zake huweza kujizidisha mara mbili kwa siku moja au mbili, basi wewe piga hesabu ya siku 19. Tulipiga simu saa ileile. Mtoto alikuwa amefariki juzi yake.

Daktari yule alistaafu kwa sherehe. Nilialikwa, nikaenda, nikala pilau.

Nimtendee haki: Denis Burkitt mwenyewe, mpasuaji wa hospitali ya Mulago kule Kampala, alipoandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1958 aliuita sakoma ya taya. Wanapatholojia wa hapo hapo Kampala, Davies na O'Conor, ndio walioonyesha kwamba ni limfoma. Burkitt akakubali, akaanza kutibu kwa dawa, na baadhi ya watoto wakapona. Huyu wetu hakukubali hadi leo.

Kwa hiyo, kijana wangu wa msibani, mashine naijua. Inapitisha kinyama kwenye alkoholi, zailini na nta usiku kucha wewe umelala, na visu vyenu ni vya kutupa, hamjawahi kunoa kwenye jiwe na mafuta mpaka mkono ufe ganzi. Sawa, sikuonei wivu. Lakini mashine haijui kwamba titi limetumbukizwa zima kwenye ndoo, likasafiri na basi siku mbili. Fomalini hupenya kama milimita 1 kwa saa. Nje limekakamaa, katikati limeoza, na katikati ndiko kansa iliko. Lipasue kwanza. Fomalini iwe mara 10 ya nyama. Na kwa tezi la limfu kata unene wa mikroni 3, si 5, maana seli zikipandana limfoma haisomeki. Wenzangu waliobaki wanasema 4 inatosha. Haitoshi.

Nawe msomaji, ukikabidhiwa majibu yenye neno "kansa" peke yake, usiondoke dirishani. Uliza ni ya aina gani na imeanzia wapi. Kama hawajui, waambie warudi kwenye kile kinyama: kilichohifadhiwa vizuri ndani ya nta hukaa miaka mingi, na kinaweza kukatwa tena.