Mazombi wakija, jamaa huyu ana ngome yake Tabora

Kuna jamaa wa Dodoma, mgonjwa kabisa wa muvi za mazombi. Alibishana na demu wake: siku kikinuka, wakajifiche wapi? Yeye akasema makumbusho ya Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Demu akacheka. Jumamosi wakapanda basi kwenda kuikagua.

Ni tembe la udongo, kuta nene hatari, mlango wa kuchongwa. Wengi wanajua tu kwamba Livingstone alikaa pale 1872. Ila Agosti 1871, watu wa Mtemi Mirambo walipoichoma Tabora, Stanley, yule mwandishi aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alikuwa humo humo. Akatoboa kuta matundu ya bunduki, akasubiri. Waliokimbia moto wakamiminika Kwihara. Mirambo mwenyewe hakutokea!

Demu akauliza, "Sasa wewe ungemfungulia nani?"

"Wewe, bi mkubwa, washkaji..."

"Na mdogo wako?"

Jamaa kimya. Dogo alifukuzwa geto tangu Januari, kisa laki mbili, na hawajaongea tena.

Wakati wa kurudi, basi liliposimama Itigi, jamaa akatoa simu akapiga. Ikaita weee, haikupokelewa. Akapiga tena.