Inapowezekana kwa Nani?



Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu Msimbati, kwa utume. Jioni moja tulimwamkia mzee mmoja mvuvi, Mwislamu, jirani wa kigango. Akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. "Wajukuu zangu, nyinyi mnasoma. Nisomeeni hizi."

Karatasi ya kwanza ilikuwa muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi mmoja wa ujenzi ufukweni, uliogawiwa kwenye mkutano wa kijiji. Ulisema mikoko haitakatwa. Ya pili, iliyotoka baada ya mapitio ya ofisini, ilisema ukataji wa mikoko utapunguzwa inapowezekana. Tuliisoma mara tatu. Mzee akauliza, "Inapowezekana kwa nani?"

Muhula mzima tulisoma Aristotle kuhusu kinachowezekana na kilichopo, na bado hatukuwa na jibu.

Kijiji hicho kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo ipo: ilipotungwa iliipa NEMC kazi ya kupitia ripoti na Waziri mamlaka ya kuamua kuhusu cheti, na kanuni za 2005 zinataka muhtasari uwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Wananchi wanasikilizwa. Tatizo ni kwamba mzee wetu alisikilizwa kabla, na neno likabadilika baadaye, mezani, yeye akiwa baharini. Hakuna aliyehitaji kufuta sheria. Kilitosha kitenzi kimoja kulegezwa. Wala aliyekilegeza si lazima awe amekula rushwa; pengine aliogopa tu kuitwa mkwamishaji wa uwekezaji. (Nasi seminarini tunajua kulainisha taarifa kabla haijamfikia gombera.)

Katika Laudato Si', mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitaka tathmini ianze pamoja na mpango wenyewe, iwe ya wazi, isiyo na shinikizo la kiuchumi wala la kisiasa. Tulikuwa tumeifanyia mtihani aya hiyo.

Tulimwandikia mzee barua fupi: nani alibadilisha neno, lini, na kwa sababu gani? Akatia dole gumba. Nakala moja akaipeleka ofisi ya kijiji, nyingine akaikunja na kuirudisha kwenye bahasha. Jibu halijafika. Karatasi sasa ni tatu.