Barua kutoka Chini ya Mlima Hanang

Haydom, Mbulu

Dada yangu mpendwa,

Huku baridi haitanii. Hadi saa nne asubuhi watu wamejifunika mashuka mabegani. Uliniagiza nikutazamie namna shule za huku zinavyofundisha mazingira, ili nawe upate la kuchukua kwa klabu ya watoto wa shule yako huko Pangani. Nimeshapita Katesh na Basotu, sasa niko Haydom, na yaliyonijaa moyoni ni mengi kuliko karatasi niliyonayo.

Nianze na Katesh. Unaikumbuka Desemba 3, 2023. Ardhi ilikuwa imeshiba mvua, na alfajiri ile sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa ikameguka. Tope, magogo na mawe vikateremka kwa kufuata makorongo hadi Katesh, Jorodom na Gendabi. Watu 89 walifariki. Waliopoteza nyumba wakalala madarasani, palepale ambapo watoto wao walikuwa wakisoma. Siku hizo viongozi wa dunia walikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, na Rais Samia alikuwa miongoni mwao. Akakatisha safari akaja kuwaona wafiwa. Siku ya kwanza ya mkutano huo, Novemba 30, mataifa yalikuwa yamekubaliana namna ya kuuendesha mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kwa hasara za mabadiliko ya tabianchi. Hata wiki haijaisha, Katesh ikafukiwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku nilipokaa na watoto wa darasa la sita katika shule moja ya wilayani Hanang, mwalimu aliwauliza kwa nini mlima ulianguka. Mikono ikanyooka yote. "Kwa sababu tumekata miti." Jibu moja, kutoka kila dawati. Mwalimu akatikisa kichwa, akawatoa nje, akawaonyesha mlima. Kule juu kulikoanzia maporomoko ni msitu wa hifadhi. Hakuna aliyelima pale. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikashindwa kubeba uzito wake. Akawaambia hivyo kwa lugha nyepesi. Mtoto mmoja, ambaye baadaye niliambiwa alifiwa siku ile, akauliza: "Kwa hiyo si sisi?"

Dada, mimi nilishindwa kumtazama. Tangu Desemba ile alikuwa amebeba kosa lisilo lake, na tulimbebesha sisi watu wazima kwa kaulimbiu zetu za miti. Vuli ile mvua ilivuka mipaka Afrika Mashariki nzima. Waliochunguza mvua hizo Kenya, Somalia na Ethiopia walikuta kwamba mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi yalichangia, na pia kwamba joto la dunia liliziongezea nguvu. Joto hilo halikutoka kwenye mafiga ya Gendabi. Mtoto ana haki ya kuambiwa ukweli huo, tena mapema.

Usinielewe kwamba nadharau miti. Vitalu nimeviona, na vingine vinapendeza. Msichana mmoja alinionyesha mche wake wa mgrevilia. Ametoboa kizibo cha chupa ya plastiki kwa sindano, akaikata kitako, akaifukia chupa kichwa chini karibu na shina, na kila Jumatatu na Alhamisi anaijaza maji kutoka nyumbani. Kuzunguka mche ameweka miiba ya kuzuia mbuzi. Aliniambia kabisa kwamba miche mingi iliyopandwa siku ya sherehe, wageni wakiwepo, imekufa, kwa sababu siku ya pili hapakuwa na mwenyewe. Tuna Siku ya Kupanda Miti kila Aprili 1, tuna kampeni ya Soma na Mti, tuna Klabu za Malihai tangu 1980 na Roots & Shoots iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991. Mipango haijatupungukia. Kinachopungua ni mtu wa kurudi na maji mwezi wa Agosti.

Basotu nako kulinifikirisha. Zile tambarare ndiko shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilikolima ngano kwenye takriban eka 100,000, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao bora. Walienda hadi mahakamani. Wafugaji waliosukumwa pembeni wakabanana na ng'ombe wao kwenye ardhi iliyobaki, ardhi ikachoka. Leo mtoto wa Kibarabaig akiulizwa sababu za uharibifu wa mazingira anatakiwa aandike "ufugaji wa mifugo mingi" ndipo apate alama. Anaandika, anapata, na anarudi nyumbani akimwonea aibu baba yake. Mtaala mpya una somo la Jiografia na Mazingira. Naomba sana walimu walitumie kuingiza historia kama hii, maana bila hiyo tunafundisha nusu.

Huku Mbulu nimepata faraja. Wairaqw wa Kainam wamelima miinuko ile kwa vizazi vingi bila kuiharibu: samadi ya zizini inarudi shambani, matuta na makinga maji yanashika udongo, kila kipande cha bonde kina matumizi yake. Katika Bonde la Yaeda, Wahadzabe wamepata hati ya ardhi yao ya kimila, na kijiji kama Mongo wa Mono kinalipwa kwa kuutunza msitu kupitia biashara ya hewa ya ukaa. Mzee mmoja wa Kiiraqw aliitwa shuleni kuwafundisha watoto kupima mteremko kwa fremu ya miti yenye umbo la herufi A, uzi na jiwe. Saa mbili nzima hakuna aliyechoka. Wavulana wawili walibishana naye juu ya mahali pa kuchimba mfereji, akawaacha wachimbe wanapotaka, mvua ije iamue.

Harakati za vijana niliziona pia, ingawa hawakubeba mabango. Wanafunzi wa sekondari moja walikwenda kwenye mkutano wa kijiji wakiwa na ramani waliyochora wenyewe ya makorongo yaliyo juu ya shule yao, wakauliza nani atapiga filimbi usiku mvua ikizidi. Mwenyekiti alikosa jibu, akapanga siku ya kulijadili. Huo ndio uanaharakati ninaotaka watoto wako wauone.

Basi nina ombi. Wale wa darasa la sita kule Hanang hawajawahi kuona bahari, na nilipowaambia kwamba huko Pangani maji yanakula ufukwe hawakuamini. Waambie watoto wako wawaandikie: bahari imesogea hadi wapi, mikoko imebaki kiasi gani, babu zao wanasema nini. Barua zitume kwangu Babati, nitakuwa pale hadi mwisho wa mwezi, na nitazipeleka Katesh mwenyewe.

Mdogo wako