Mwanasesere wa Kauri na Mwana Hiti: Kazi ya Mkono Ughaibuni na Nyumbani

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu wazima wa Ulaya na Marekani huzifanya wakati wa mapumziko, si kwa ujira bali kwa mapenzi, utengenezaji wa wanasesere wachanga wa kauri ni mojawapo ya zile zinazodai subira kubwa. Mswahili anayeishi ughaibuni na kuishuhudia kazi hii hukabiliwa na swali la msingi, yaani kwa nini mtu mzima atumie wiki kadhaa kumuumba mtoto wa udongo ambaye huenda asichezewe na mtoto yeyote, ilhali nyumbani mwanasesere hufungwa kwa vitambaa au gunzi la mhindi na kukabidhiwa mtoto siku hiyo hiyo. Makala haya yanailinganisha kazi hiyo, ambayo mizizi yake imo Thuringia nchini Ujerumani, na mila ya mwana hiti wa Wazaramo, yakishikilia kwamba tofauti kubwa baina ya pande hizi mbili haimo katika ustadi wala katika malighafi, bali katika mahali ambapo kazi huhesabiwa kuwa imekamilika.

Kauri ngumu ni mchanganyiko wa kaolini, ambao ni udongo mweupe utokanao na kuoza kwa miamba, pamoja na madini ya feldispa na kwatzi. Wachina waliijua kwa karne nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza cha Ulaya kuanzishwa Meissen mwaka 1710, na baadaye kauri ilianza kutengenezwa pia katika milima ya Thuringia, ambako kulikuwa na misitu ya kulisha matanuri. Katika karne ya 19 miji ya Sonneberg na Waltershausen ilipeleka vichwa vya wanasesere karibu kila pembe ya dunia, ingawa nyuma ya fahari hiyo palikuwa na familia maskini zilizoshona na kupaka rangi majumbani mwao, watoto wao wakiwa miongoni mwa wafanyakazi. Mwanzoni wanasesere wengi walikuwa na sura ya mabibi au ya watoto waliokwisha kukua; kampuni ya Kämmer & Reinhardt ilipotoa mwanasesere wake nambari 100 mwaka 1909, mwenye uso wa mtoto mchanga na miguu iliyokunjwa, wanasesere wachanga walianza kupata nafasi yao sokoni. Katika miaka ya 1920 mchongaji wa Marekani, Grace Storey Putnam, alipata sifa kwa mwanasesere aitwaye Bye-Lo, ambaye sura yake ilifinyangwa kwa kumtazama mtoto wa siku 3 na vichwa vyake vya kauri vikatengenezwa Ujerumani.

Wapenzi wa kazi hii leo ni warithi wa viwanda hivyo, kwani wengi wao hutumia kalibu zilizochukuliwa kutoka kwa wanasesere wa kale. Kalibu ni umbo la plasta lenye vipande viwili au zaidi vinavyofungwa pamoja, na ndani yake humiminwa udongo wa maji ulio mzito kama tui la kwanza la nazi. Plasta hufyonza maji, hivyo tabaka la udongo huganda pembeni, na baada ya dakika chache, unene ukifikia milimita 3 hivi, udongo uliobaki humwagwa na kuacha kichwa kilicho wazi ndani. Kichwa hicho kingali kibichi, mtengenezaji hukata matundu ya macho kwa kisu chembamba, huondoa utosi ili baadaye apate njia ya kuingiza macho ya kioo, kisha husawazisha mistari iliyoachwa na maungio ya kalibu. Usafishaji huu hufanywa kwa maji au kwa barakoa, kwa sababu vumbi la udongo huu lina silika, ambayo hudhuru mapafu.

Hatua inayofuata ni moto. Kichwa huchomwa katika tanuri la umeme hadi takriban nyuzi joto 1,220 za Selsiasi, na mchomaji hupima kazi ya moto kwa koni, yaani vipande vidogo vya udongo maalumu vinavyopinda joto linapofikia kiwango kilichokusudiwa. Kichwa kinapotoka kimekuwa kigumu na kimesinyaa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, nacho hakipakwi mng'aro wa kioo kama sahani, kwa maana uso usiong'aa hufanana zaidi na ngozi. Ndipo huanza upakaji wa rangi, ambao hauwezi kuharakishwa: wekundu wa mashavu, midomo, kisha nyusi zinazochorwa unywele baada ya unywele, na kila tabaka hurudishwa tanurini kwa moto mdogo zaidi, wa nyuzi 700 na ushei, ili rangi ishikane na kauri isifutike kamwe. Unga wa rangi hukorogwa kwa mafuta, na mojawapo ya mafuta yanayopendwa ni ya karafuu, kwa kuwa huchelewa kukauka na kumpa mchoraji nafasi ya kurekebisha mkono wake. Hivyo zao lililoijengea Pemba na Unguja jina duniani lina nafasi yake katika nyusi za mtoto wa kauri wa Ulaya.

Tukigeukia nyumbani, hoja ya kwamba malighafi hayapo haina msingi. Vilima vya Pugu, katika eneo la Kisarawe karibu na Dar es Salaam, vina hazina kubwa ya kaolini, na uchimbaji wa zamani uliacha huko mapango ambayo sasa ni makao ya popo. Heshima kwa kauri nayo ni ya kale, kwani mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na kupangwa katika vidaka vya nyumba za Lamu. Ufinyanzi pia umeendelea, hasa mikononi mwa wanawake, kuanzia Wakisi wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa hadi Pemba. Kilichokosekana ni tanuri: mitungi na vyetezo huchomwa kwa kuni na majani mahali pa wazi, ambapo moto hautarajiwi kuvuka sana nyuzi 900, na kiasi hicho hutosha kwa chungu imara lakini hakiwezi kuigeuza kaolini kuwa kauri.

Hata hivyo, tanuri peke yake halielezi kila kitu. Uzaramo, ambako kaolini hiyo imelala, ndiko pia kwenye mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo, matiti, kitovu na kichwa chenye vishungi, lakini kisicho na mikono. Kwa desturi, binti aliyevunja ungo na kuwekwa ndani, yaani mwali, hukabidhiwa mwana hiti katika kipindi cha mafunzo ya unyago, naye humwogesha, humpaka mafuta na kumtunza nywele kama atakavyomtunza mwanawe. Mchongaji hakujaribu kuiga uso wa mtoto fulani, kwa sababu umbo hilo lilikuwa chombo cha kufundishia malezi, na mng'ao wa mti uliozoea mafuta ya vizazi kadhaa ulikuwa ushahidi wa kazi iliyofanywa na mikono mingi baada ya patasi kuwekwa chini.

Dini nayo imechangia kuamua mahali pa mwanasesere. Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, sanamu zenye sura ya binadamu haziwekwi kwa mapambo, ilhali wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere wa watoto kwa kuwa wana faida ya malezi. Kwa msingi huo, mwanasesere aliye mikononi mwa mtoto ana nafasi yake, lakini yule wa kabatini hana.

Hapa ndipo tofauti inapoonekana wazi. Kwa mpenzi wa kauri wa Ujerumani, kazi huisha macho yanapowekwa na wigi kugandishwa, na kuanzia hapo mwanasesere hulindwa asiguswe. Kwa Mzaramo, kazi huanza pale umbo linapopokewa. Hata mwana hiti waliochukuliwa hadi makumbusho ya Ujerumani wameingizwa katika utaratibu huo wa kabati la kioo, nao hawapakwi tena mafuta. Lakini haifai kudhani kwamba kabati ni tabia ya kauri yenyewe, kwani wanasesere wachanga wa Waltershausen walinunuliwa wakachezewa, na wengi wakavunjika. Ni uchache na thamani yao ya baadaye iliyowapandisha juu ya rafu.

Kwa hiyo wazazi wa ughaibuni wenye kuipenda kazi hii wana la kujifunza kutoka pande zote mbili. Viwanda vya kale mara nyingi vilitengeneza wanasesere weusi kwa kalibu zile zile za watoto wa Kizungu, vikibadilisha rangi tu, na mrithi wa kalibu hizo hurithi pia upungufu huo. Anayejua kufinyanga anaweza kutengeneza kalibu yake kwa kuzitazama pua, midomo na mashavu ya watoto wa ukoo wake, akachagua udongo wa kahawia wa kumimina, na kushona wigi linaloweza kusukwa mabutu au twende kilioni. Kiwiliwili kikiwa cha kitambaa kilichojazwa pamba, mwanasesere huyo hubebeka bila hofu kubwa, ingawa kauri ikivunjika hukata, na kwa sababu hiyo humfaa binti aliyekwisha kupata akili kuliko mtoto anayetambaa. Akabidhiwe na bibi au shangazi, pamoja na maelekezo ya namna ya kumshika kichwa, kumwogesha na kumfunga mgongoni kwa kanga, kwa kuwa ustadi wa Thuringia ukiunganishwa na mafunzo hayo utamfikia mtoto, ambaye ndiye aliyestahili kazi yote hiyo tangu mwanzo.