Nissan Isiyokuwa Nissan

Utingo wa steji ya Homa Bay anapowaita abiria waendao Rongo na Migori, aghalabu hasemi matatu, husema nissan. "Mama, karibu nissan, imebaki mtu mmoja tu." Naye mama, debe la omena likiwa miguuni pake, huuliza nauli na kupanda. Angeukagua mlango wa nyuma, mara nyingi angekuta umeandikwa Toyota Hiace. Hata hivyo, hakudanganywa. Aliahidiwa gari la abiria 14, na hilo ndilo alilopewa.

Wanafunzi wa isimu wanalijua jambo hili: nomino ya pekee hugeuka kuwa nomino ya kawaida. Katika Kiswahili cha Kenya, nissan imejiingiza katika ngeli ya I-ZI bila kubisha hodi. Nissan imejaa, nissan zimegoma, na vinywani mwa vijana, manissan yote yameenda. Kanuni za usalama barabarani za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, magari hayo yalifungwa mikanda na vidhibiti mwendo, yakachorwa mstari wa manjano ubavuni. Serikali iliweza kuyabadilisha viti na rangi. Jina lilibaki mikononi mwa utingo.

Mwenye jina, huko Japani, hakuulizwa. Yaelekea angekataa, maana hakuna mtengenezaji anayependa kuona jina lake likivishwa bidhaa ya mshindani. Lakini kampuni hii haina haki kubwa ya kulalamika, kwa kuwa yenyewe imeyachezea majina yake kwa miaka mingi.

Nissan ni kifupisho cha Nihon Sangyo, yaani viwanda vya Japani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari yake mengi yaliuzwa ng'ambo kwa jina la Datsun. Jina hilo nalo lina kisa chake. Herufi za DAT zilitokana na majina ya wafadhili watatu: Den, Aoyama na Takeuchi. Gari dogo lililofuata, mwanzoni mwa miaka ya 1930, likaitwa Datson, yaani mwana wa DAT, kwa kuazima neno la Kiingereza. Ikabainika kwamba katika Kijapani sauti "son" yaweza kumaanisha hasara. Irabu moja ikabadilishwa, na mwana akawa jua. Ni nadra kuona wafanyabiashara wakiiheshimu fonolojia kiasi hicho.

Nchini Kenya, Datsun halikuwa jina la kubandikwa tu. Lilipatikana kwa jasho na matope. Edgar Herrmann alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1970 na 1971 akiendesha Datsun. Shekhar Mehta akashinda mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, daima katika magari ya kampuni hiyo. Mtu wa Migori ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli aliweza kusikia redioni kwamba Datsun ni gari lisiloshindwa na barabara mbovu, naye barabara mbovu alikuwa akizijua vyema. Basi ni mwaka gani ambao kampuni ilitangaza kuliacha jina hilo? Ni 1981, Mehta akiwa katikati ya ushindi wake. Wakuu walitaka dunia nzima ijue jina moja tu, Nissan. Kubadilisha mabango na matangazo katika nchi nyingi kulichukua miaka kadhaa na kugharimu fedha nyingi.

Wakati kampuni ikisema inaunganisha majina, gari moja liliendelea kuvaa majina mengi. Caravan ya Japani iliitwa Urvan katika nchi nyingine, na kulikuwa na pacha wake aliyeitwa Homy kwa sababu tu aliuzwa katika maduka tofauti. Isuzu nayo ililichukua gari hilo hilo, ikabandika nembo yake na kuliita Como. Patrol, gari kubwa la milimani, lilipewa jina jingine huko Japani mwaka 1980: Safari. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapa. Afrika Mashariki ilipeleka Japani neno safari, nayo ikaletewa neno nissan.

Baadaye kampuni ilianza kuzama katika madeni. Mwaka 1999 iliokolewa na Renault ya Ufaransa, ikampata kiongozi Carlos Ghosn, aliyefunga viwanda na kuirejeshea faida. Ni chini ya Ghosn ambapo Datsun ilifufuliwa. Mwaka 2013 gari la kwanza lilizinduliwa New Delhi, kisha jina hilo likapelekwa Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Kenya, ambako jina lilikuwa na kumbukumbu ya ushindi, haikuwamo. Hesabu ya kampuni ilikuwa rahisi: Nissan kwa wenye uwezo wa wastani, Infiniti kwa matajiri, Datsun kwa wanaonunua gari kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo ilipokosea. Jina lililokuwa limepata heshima kwa kuvumilia lilifanywa alama ya urahisi wa bei, na mnunuzi maskini hapendi kukumbushwa umaskini wake kila anapofungua mlango wa gari. Mwaka 2022 Datsun ikazikwa mara ya pili.

Wakati huo Ghosn mwenyewe alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 2018 na kutoroka Japani mwishoni mwa 2019. Mazungumzo ya kuungana na Honda, yaliyotangazwa Desemba 2024, yalivunjika Februari 2025. Mei mwaka huo kampuni ilitangaza hasara ya takriban yeni bilioni 671 kwa mwaka mmoja, na mpango wa kupunguza wafanyakazi 20,000 na viwanda kutoka 17 hadi 10.

Sauti ya utingo wa Homa Bay haiwezi kupunguza hasara hiyo hata kwa yeni moja. Magari mengi yanayobeba abiria huku yaliingia Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, chini ya kanuni ya Kenya ya kutozidi umri wa miaka 8. Fedha za mnunuzi humwendea muuzaji wa mitumba, mwenye meli, mtoza ushuru na benki iliyokopesha. Kampuni iliyatoa magari hayo mikononi mwake zamani. Kilichobaki huku ni jina, linalotumika bure.

Hata matumizi hayo ya bure yana mipaka. Abiria akitoka Migori kuelekea kusini hufika Isebania, na akivuka hadi Sirari, upande wa Tanzania, gari lile lile la abiria hugeuka kuwa haisi. Upande mmoja Toyota huitwa kwa jina la mshindani wake. Upande wa pili hata Nissan yaweza kuitwa haisi. Forodha haitozi ushuru wa maneno, lakini mpaka wake uko pale pale.

Isitoshe, katika steji za Rongo, Awendo na Migori, nissan sasa inasikika sambamba na neno jingine: probox. Toyota ililizindua gari hilo mwaka 2002 kwa ajili ya kusambaza mizigo midogo, lakini huku hubeba watu, kuku na ndizi, na nyakati za jioni watu huwa wengi kuliko viti. Nissan ilikuwa na gari lake la namna hiyo, AD, ambalo Mazda ililiuza kwa jina la Familia na Mitsubishi kwa jina la Lancer Cargo. Mwaka 2018 Mazda iliachana na Nissan, ikaanza kuchukua Probox kutoka Toyota na kuibandika jina lile lile la Familia. Kwa hiyo Familia ya kabla ya hapo ni Nissan, na ya baadaye ni Toyota, ilhali nembo ya mbele ni ya Mazda. Utingo wa Migori akiliona hilo la baadaye likiingia steji, ataliita probox bila kuisoma nembo, naye atakuwa amesema kweli kuliko nembo yenyewe.